Kelele ya saa tatu usiku: tulivyojiharibia Field Day wenyewe

Hiki kisa cha usiku ambao klabu yetu ya redio ilizibwa masikio na kelele isiyojulikana inatoka wapi nakizungusha kichwani toka mwezi wa sita, na kila nikikisimulia kwa mdomo watu wanacheka pale kwenye taa halafu wanaondoka bila kusikia kilichobaki, kwa hiyo leo nakiandika chote, na wale mnaopenda mambo ya mafundi mtanivumilia nikiingia ndani kidogo.

Kwanza niwaambie niko wapi. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Ohio huku Marekani, na miaka miwili iliyopita nilijiunga na klabu ya redio za ridhaa ya hapa mtaani kwetu. Redio za ridhaa ndiyo zile za watu wa kawaida wenye leseni, wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu, hakuna mshahara wala matangazo ya biashara, na kwa Kiingereza wanajiita ham, mimi kila nikisikia hilo neno nasikia "hamu" na naona limekaa sawa kabisa maana kama huna hamu hii kazi huiwezi. Mtihani wa leseni ya chini, ile ya Technician, una maswali 35, ukipata 26 umepita, ada ya serikali dola 35, na ule mtihani wa Morse, zile alama za nukta na mistari, waliufuta mwaka 2007 kwa hiyo asikutishe mtu. Klabu yetu ina mkutano mara moja kwa mwezi, ina chai ya Jumamosi asubuhi ambapo wazee wanakula mayai na kubishana kuhusu antena, ina kipindi cha kuitana majina kila wiki kwenye repita, yaani mtambo unaopokea mawimbi yetu na kuyarusha tena mbali zaidi, na mwezi wa tano tunajaza gari tunakwenda Xenia kwenye Hamvention, maonyesho na soko la vifaa vya redio, kununua vitu ambavyo wake zetu wametukataza.

Lakini shughuli kubwa ya mwaka ni Field Day. Hii ilianza 1933, inafanyika wikendi kamili ya nne ya mwezi Juni Marekani yote na Kanada, ARRL, chama cha taifa cha wanaredio za ridhaa, ndicho kinachoisimamia, na wazo lake ni hivi: toka nyumbani, nenda uwanjani, simamisha antena, tumia umeme wako mwenyewe usio wa gridi, halafu ongea na vituo vingi uwezavyo. Saa ishirini na nne. Kila unayempata mnabadilishana vitu viwili tu, daraja la kituo na eneo, sisi tulikuwa "mbili Alfa Ohio", maana yake vituo viwili vinavyorusha kwa wakati mmoja, ni kikundi, na tuko nje kwa umeme wa dharura. Ukiongea kwa sauti unapata pointi moja, kwa Morse mbili, na kama hamzidishi wati 100 mnazidishiwa mara mbili. Ukiwa na vituo viwili au zaidi unaruhusiwa pia kuweka meza ya wageni na wanafunzi, inaitwa GOTA, pale anakaa mtu ambaye hajawahi kushika maiki, mwenye leseni kubwa anakaa pembeni yake kumwongoza.

Hiyo meza ya GOTA ndiyo iliyonifanya niandike.

Sasa bwana, mpangilio wa uwanja ulikuwa hivi. Kule mwisho karibu na miti kulikuwa na hema la Morse, analisimamia mama mmoja mstaafu, injinia wa zamani, mkali kidogo ila anajua. Katikati hema la sauti, pale ndiyo mwenyekiti mwenyewe. Huku mbele karibu na parking kulikuwa na meza ya GOTA, na ubavuni mwake, hatua kama nne tu, meza ya kupokea wageni, yenye vipeperushi na kitabu cha kusaini. Meza ya wageni nilipewa mimi. Nikafurahi, nikasema hapa lazima watu waone ukarimu wa pwani, nikaja na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi kwenye chupa mbili kubwa, mandazi mia na kitu, na kwa ajili ya usiku nikaleta mataa ya kamba, yale ya LED, pamoja na inveta yangu ndogo ya wati 300, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya kuunga kwenye betri ya gari ili taa ziwake na wageni wachaji simu. Sikumuuliza mtu. Na kusema kweli hata ningeuliza wangeniambia sawa tu, maana kila mtu alikuwa anashughulika na kamba na nguzo.

Tukaanza saa nane mchana. Mchana ulikwenda vizuri mno, bendi ya mita 20 (bendi ni kundi la masafa, linaitwa kwa urefu wa wimbi lake) ilikuwa wazi, hema la sauti linaongea na California na Texas kama mtu wa jirani, Morse nako ni tititi bila kupumua, na pale GOTA watoto wa skauti walikuja wakapanga foleni. Alikuja na rafiki yangu mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, na wanawe watatu, na binti yake wa miaka kumi na miwili akapata kituo cha Florida kwa mara ya kwanza, akatoa macho hivi, akauliza "amenisikia mimi?" Akataka kurudi usiku maana nilimwambia usiku mawimbi yana tabia nyingine kabisa.

Ikafika saa tatu usiku.

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana uchambuzi wote uko kwenye hii saa. Huku Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, na giza linapoingia vinatokea vitu vitatu kwa mpigo. Cha kwanza, hema la Morse likahamia mita 40 kwa sababu usiku bendi za chini, zile zenye mawimbi marefu, ndiyo zinafunguka, na GOTA nayo ikahamia mita 80, hema la sauti likabaki mita 20 maana ilikuwa bado inatoa. Cha pili, ni majira ya radi, na wote wenye redio za masafa mafupi wanajua kiangazi usiku bendi za chini zinapasuka pasuka kwa radi za mbali hata kama juu yako kuna nyota. Cha tatu, nikawasha taa zangu.

Dakika chache baadaye GOTA ikafa. Yaani unasikia mvumo tu, zzzzzz, nene, haikatiki, mita ya nguvu ya mawimbi imesimama S9, juu sana, na hakuna anayeongea. Na wakati huohuo mwenyekiti kule kwenye sauti akaanza kulalamika naye ana kelele, kituo dhaifu kikija tu kinamezwa. Yule binti akarudi, akakaa, akavaa hedifoni, akaita na kuita, dakika ishirini nzima hakuna jibu, si kwamba hawakumjibu, huenda walimjibu, sisi ndiyo hatukuwa na masikio. Baba yake akainama akasikiliza akaniambia, "Kaka, hii ni redio ao ni mashini ya unga?" Wakaenda kuchoma nyama. Skauti nao mmoja mmoja wakaondoka. Foleni ya mchana ikaisha.

Wazee wakakusanyika, na hapa ndipo kosa la kwanza, nalo si la ufundi. Kila mtu alitumia neno moja, "kelele". Mwenyekiti kelele, GOTA kelele. Kwa hiyo wakatafuta mchawi mmoja. Wa kwanza kusema akasema ni radi, na kwa kuwa ni mtu aliyepata leseni kabla mimi sijazaliwa, tukakaa karibu saa nzima tunasubiri radi ipite. Lakini mtu akitulia akasikiliza, radi inapasuka bila mpango, paa, kimya, paa paa, ile yetu ilikuwa mvumo wa moja kwa moja, na ukizungusha masafa inapanda na kushuka kila baada ya hatua fulani kama matuta ya barabarani. Huo ni mwendo wa kifaa cha umeme kinachokatakata mkondo. Nilikuwa nasikia tofauti ila nilinyamaza, nilijiona mgeni.

Wa pili akasema jenereta. Hili lilikuwa wazo zuri, na jaribio likafanywa vizuri kabisa, wakatangaza vituo vyote viende kwenye betri, wakazima jenereta kwa dakika moja, wote kimya. Mvumo ukabaki vilevile. Mwenyekiti akasema basi, kila kitu chetu kimezimwa na kelele ipo, maana yake inatoka nje, ni nyaya za umeme za barabarani, Jumatatu tuwaandikie barua.

Tulikuwa tumesimama chini ya taa zinazowaka tukisema kila kitu kimezimwa.

Hapo ndipo watu wanapocheka, sawa, chekeni. Lakini tulikuwa watu kumi na wawili pale, wengine mainjinia, na hakuna aliyeona. Sababu yake ninavyoona mimi ni kwamba kwenye vichwa vyetu "umeme wetu" ulikuwa ni jenereta na zile betri za vituo, vitu vilivyochorwa kwenye ramani ya kambi. Inveta yangu ilikuwa inakula betri ya gari langu, haikuwepo kwenye ramani, kwa hiyo haikuwa kifaa, ilikuwa ni mapambo. Lile jaribio lilituharibia zaidi kuliko kama lisingefanywa, kwa kuwa lilitupa uhakika wa uongo.

Ikafika saa sita usiku. Nikaenda kwa yule mama wa Morse kumpelekea chai, nikamkuta anafanya kazi zake kwa raha. Nikamuuliza vipi kelele, akasema kelele gani, akanionyesha mita yake, kwenye mita 40 hapo alipo S3. Akabonyeza mita 80 kwa sekunde chache, S4. Pale GOTA, bendi hiyohiyo, S9. Nikasimama na kikombe mkononi. Kelele ya barabarani ingekuja kwetu sote karibu sawa, maana nyaya ziko mbali na zinapita ubavu wa uwanja mzima, na kama kuna wa kuumia zaidi angekuwa yeye aliyeko karibu nazo kidogo kuliko sisi. Hii inapungua ukienda mbali na parking. Kwa saa tatu hakuna mtu aliyetoka hema moja kwenda jingine kulinganisha namba, kila mmoja alikuwa anaililia mita yake.

Sasa nikakumbuka nyumbani. Marehemu baba alikuwa na redio ya mkulima, jioni lazima taarifa ya habari, na jirani alipokuwa akiwasha kitu fulani dukani kwake redio ilikuwa inalia, basi mzee anaishika redio anaigeuza taratibu taratibu mpaka kelele inapungua ndiyo anaiweka chini. Tulidhani ni uchawi wake. Kumbe mle ndani kuna kile kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya, ndiyo antena ya AM, na kijiti kikielekeza ncha yake kwenye chanzo cha mawimbi hakisikii karibu kitu. Kwa hiyo ule uelekeo wa kimya ndio unaokuambia adui yuko wapi. Na hii klabu inaijua sana, wana mchezo wa kumsaka mbweha, mtu anaficha kirushio porini wengine wanakitafuta na antena za mkononi, wanafanya kila mwaka, ila usiku ule hakuna aliyeunganisha.

Kwenye gari nina karedio kadogo ka betri mbili. Nikakaweka AM mwisho kabisa chini ambako hakuna stesheni, mvumo ule ule, zzzzzz. Nikasimama karibu na hema la Morse nikageuza mpaka kikanyamaza, nikaangalia kijiti kinaelekea wapi, parking. Ila ncha ziko mbili, inaweza kuwa mbele au nyuma, kwa hiyo nikatembea mpaka ng'ambo ya uwanja, nikageuza tena, nikachora mstari kichwani. Ile mistari miwili ilikutana kwenye mandazi yangu.

Nikarudia mara mbili nyingine kwa sababu sikupenda jibu.

Halafu nikaenda nikachomoa inveta. Giza. Mtu akapiga kelele "nani kazima taa", na kwenye spika ya GOTA, badala ya mvumo, mtu akawa anaita "CQ Field Day", yaani yeyote anayenisikia anijibu, kwa sauti safi kabisa kama yuko nyuma ya hema. Mita S2. Kwa wasiojua, kila hatua moja ya S ni mara nne kwa nguvu, kwa hiyo kutoka S9 mpaka S2 ni mara 16,000 na ushee kwa hesabu ya kitabuni, ijapokuwa mita za redio zetu zenyewe zinadanganya danganya, usiende nazo mahakamani.

Nikakiri. Mwenyekiti akacheka, akanipiga begani, akasema angalau tumepata. Wengi wangeishia hapa. Ila dakika tano baadaye yeye mwenyewe akatoka kwenye hema lake anasema kwangu bado ipo. Inapungua, ile ya chini imeondoka, lakini ipo.

Ndiyo nikaelewa walikuwa wachawi wawili. Tukaenda kusikiliza kwake, safari hii kwa makini, na kelele yake haikuwa mvumo hata kidogo, ilikuwa inakatika kwa mdundo, taa-ti-taa-ti. Yule mama wa Morse akasikiliza kidogo akasema, "Huyo ni mimi." Yeye alikuwa anarusha megahezi 7 na kidogo, na kirushio chochote kinavuja kidogo kwenye mara mbili ya masafa yake, mara mbili ya 7 ni 14, na 14 ndiyo mita 20 anayosikilizia mwenyekiti. Huko mjini mtu akiwa mbali na wewe hiyo mvujo huioni, uwanjani antena zenu zimetengana mita hamsini na wati 100, inaingia kama mwizi aliyefunguliwa mlango. Na kwa sababu yeye alihamia mita 40 saa ileile nilipowasha taa, kelele zote mbili zilizaliwa pamoja, zikapewa jina moja.

Dawa yake ilinifurahisha kuliko kitu chochote wikendi ile. Saa saba usiku, kwa tochi ya kichwani, yule mama akachukua waya wa antena wa koaksi, ule mwembamba, akapima kama mita saba na kidogo, akaufunga mwisho wake kwa kushika waya wa ndani na wa nje pamoja, upande wa pili akauchomeka kwa kiungo cha T pale redio yake inapotokea. Ukiutazama unasema huyu ameunganisha shoti makusudi. Lakini kipande hicho ni robo ya wimbi la mita 40, ukipunguza kwa kuwa ndani ya koaksi mawimbi yanakwenda kwa asilimia 66 hivi ya mwendo wa kawaida, na robo ya wimbi iliyofungwa mwisho inaonekana kama haipo kabisa kwa megahezi 7, ila kwa 14 huo urefu unakuwa nusu ya wimbi, ile shoti inajitokeza waziwazi na mvujo unamezwa. Akawa anakata sentimita moja moja huku anaangalia kipimio mpaka yale masafa yanayomezwa yakakaa pale anapotaka. Waya wa kutupa. Mwenyekiti akarudi kwake akasikiliza, akanyoosha kidole gumba. Haikuisha yote, maana sehemu nyingine ni redio yake kuzidiwa tu na nguvu ya jirani, hiyo inataka filta upande wake, na hatukuwa nayo.

Kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri GOTA ilikuwa bora kuliko mahema yote. Ila hakukuwa na mtu wa kukaa. Mimi na mzee mmoja tulipokezana pale, tunakunywa chai baridi, tunaongea na watu wa Georgia na Ontario, na foleni ya watoto wamelala majumbani kwao. Kwenye matokeo klabu haikuumia sana, mwenyekiti alisoma pointi kwenye mkutano wa Julai, watu wakapiga makofi, maana pointi zetu nyingi zilitoka hema la Morse na la sauti. Meza ya GOTA kwetu haikuwa na uzito mkubwa kwenye hesabu, na mimi naona ndiyo sababu halisi GOTA ilikaa saa tatu imekufa bila mtu kukimbia. Kama S9 ile ingekuwa kwenye hema la Morse yule mama angekuwa amechomoa betri za magari yote parking ndani ya dakika kumi. Niliwaambia hivyo mkutanoni, kwa Kiingereza changu, kukawa kimya kidogo, halafu mzee wa radi akasema kijana ana hoja.

Tulikubaliana mambo machache. Kabla ya kuanza, robo saa kila kitu kinazimwa, na kila kitu ni kila kitu, mtu anatembea na karedio ka AM meza kwa meza, magari na mafriji ya soda yakiwemo, namba ya mita inaandikwa ubaoni kwa kila kituo na kila bendi, kisha vitu vinawashwa kimoja kimoja. Meza ya GOTA inahamia kule kwenye miti, mbali na parking, na yule mama ameombwa akae hapo usiku, amekubali kwa masharti kwamba Morse mtu mwingine aifanye. Vipande vya koaksi vimekatwa vya bendi tatu na vimeandikwa. Antena za mita 40 na 20 zitafungwa zikitazamana ncha kwa ncha, maana waya wa aina ile kwenye ncha zake haurushi sana.

Yule binti wa Bukavu alirudi Jumapili saa nne asubuhi, mita 20, akapata vituo saba kabla ya ibada. Baba yake ameniuliza mtihani unafanyika lini, nimempa kitabu.

Taa za kamba tunazo bado, sasa zinawaka moja kwa moja kwenye volti 12. Inveta wameichukua, iko kwenye sanduku la klabu, mtu kaiandika kwa maka peni nyekundu jina langu na "S9".